Kiti cha Mtihani

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Binti yangu amekuja na muuguzi wa wazee. Wiki ijayo napimwa hapahapa nyumbani, kwa kiti changu: kuinuka kitini bila kushika popote, mara kumi na mbili ndani ya nusu dakika. Nikishindwa, nahamia kwa binti, chumba cha nyuma, pamoja na cherehani na wajukuu watatu. Nyumba hii nimeishi miaka arobaini! Nimejaribu mbele yao. Mara nne tu, magoti yakalia. Muuguzi kasema nifanye mazoezi kila siku. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Naogopa sana.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata hila. Mimi seremala maisha yangu yote, leo nishindwe na kiti? Nakirefusha miguu. Mtu akikaa juu, kusimama ni kuteremka tu. Viti vingine vyote nimevikata nipate mbao.
Jirani yangu, yule bibi tunayemwita Springi, kachungulia uani, kanikaribisha tufanye mazoezi pamoja. Naye atapimwa. Kajigamba kwamba keshafika kumi na tatu. Nimemjibu nina kazi. Kukaa na kusimama bila sababu ni shughuli ya wasio na shughuli.

Jumatano, 5 Machi
Kiti kimezidi urefu! Miguu yangu inaning'inia. Binti ataona. Nimekipunguza, nikakaa, nikasimama, nikakitazama, nikakaa tena. Kinayumba. Nikakata mguu wa kushoto. Kikayumbia kulia. Kutwa nzima chini juu, chini juu. Mapaja yanawaka moto.

Ijumaa, 7 Machi
Bado kinayumba. Nimekata, nimepiga msasa, nimekaa na kuinuka hadi nimesahau hesabu. Springi kauliza mazoezi yangu yanaendeleaje. Maswali ya uchokozi! Nafasi ya mazoezi ningeipata wapi?

Jumapili, 9 Machi
Kimetulia! Hakiyumbi hata chembe. Ila kimekuwa kigoda. Kifupi kuliko kilivyokuwa mwanzo, na mbao zimekwisha. Nimepita kila chumba kana kwamba naaga. Jikoni nimelia kidogo.

Jumatatu, 10 Machi
Muuguzi kakitazama kiti, kauliza kama hakuna kingine. Hakuna. Binti kamwambia waahirishe, baba ataumia. Nikafumba macho, nikaanza.
Kumi na tano! Wala sikuhema. Springi kapimwa baada yangu, kapata kumi na tatu zake, kanuna. Binti kanikumbatia, kasema nibaki kwangu. Muuguzi kanisifu kwa bidii ya mazoezi. Mazoezi gani? Nikajitia hamnazo.
Lakini atarudi Juni kunipima tena, na roho yangu iko juu tayari. Nimewaza sana. Miguu hii ndiyo iliyoniokoa, haifai kuchoshwa. Nimemwomba binti aniletee kochi laini, lile la kuzama. Hadi Juni siinuki ovyo.