Yah: Mume Wangu Arudishwe Ndani ya Mipaka

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Sayansi ya Siasa,

Shikamoo, kama umri wako unaruhusu. Kama hauruhusu, hujambo. Mimi ni fundi cherehani, mke wa yule mzee mwenye upara anayekaa mstari wa mbele kwenye somo lenu la sera za umma zinazovuka mipaka ya nchi. Alipostaafu nilimshauri mwenyewe akasome, akili isilale. Sasa asiyelala ni mimi, na sababu ni hizi:

1. Bomba limepasuka chini ya ukuta wetu na wa jirani. Zamani angechukua spana. Siku hizi anasema tatizo linalovuka mipaka halitatuliwi na upande mmoja, mpaka wote washauriane. Huku nyuma nadeki chumba cha kulala asubuhi na jioni.

2. Jogoo wa jirani anatuamsha alfajiri. Nilitaka nikaongee na mwenyewe, yaishe. Mume wangu akanieleza kwamba kelele haziombi viza, akaitisha mkutano wa nyumba nne. Likapitishwa azimio la kumlaani jogoo. Jogoo anaendelea.

3. Mkutano huo sasa ni wa kila wiki, sebuleni kwangu, na chai napika mimi. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, amepewa nafasi ya mtazamaji asiye na kura. Amenuna hadi leo, na ananinunia mimi kwa sababu mwanawe yuko darasani.

4. Hili ndilo linaloniuma. Jana nilimwomba anikune mgongo. Akaniuliza kama nimefanya utafiti linganishi, nijue nyumba nyingine wanakunanaje. Tangu tuoane, mheshimiwa, mgongo huu haujawahi kulinganishwa na wa mtu.

Kwa heshima na taadhima, naomba umfukuze. Ikishindikana, mhamishie kwenye somo linaloishia mlangoni. Nilikuwa na mume, sasa nina mjumbe, na nimemkumbuka mume.

Nisalimie walimu wote, karani wako, na mlinzi wa getini anayemshikia mume wangu baiskeli.

Wako katika nyumba iliyolowa,
Fundi Cherehani

N.B. Samahani kwa barua kuchelewa kutumwa; baada ya kuiandika ilibidi ijadiliwe kwanza na nyumba zote nne. Tumepiga kura: mume wangu asifukuzwe, maana ndiye anayetuandikia kanuni za vikao, na wiki iliyopita nilichaguliwa mwenyekiti. Ombi langu limebaki moja tu: mkifika kwenye mada ya ukomo wa uongozi, irukeni.