Rufaa Dhidi ya Kikosi Kisichokosea

Othman Khatibu Faki,
Kiongozi, Kikosi cha Dramu cha Mwambao,
Guangzhou.

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Waamuzi,
Mashindano ya Dramu za Gwaride ya Waafrika wa Guangzhou.

Ndugu Mwenyekiti Simiyu,

Assalamu alaykum, na poleni kwa kusikiliza vikosi sita kwa siku moja mkiwa kwenye viti vya plastiki. Nakuandikia kwa heshima zote na bila hasira.

Kama unavyokumbuka, Jumapili ya wiki juzi kikosi chetu cha watu kumi na mmoja, sote wafanyabiashara wa kutoka Dar es Salaam na Unguja, kilishika nafasi ya sita. Vikosi vilikuwa sita. Kombe wakapewa Wakongo wa Mama Françoise. Nimejaribu kulimeza jambo hili limekataa kushuka, kwa hiyo naleta malalamiko yangu mbele ya kamati.

1. Kuhusu kipigo. Wenzetu walipiga nini? Walipiga ndu, ndu, ndu-ndu, kwa dakika sita, wakitembea mbele. Wakafika mwisho wa uwanja wa basketi, wakageuka, wakarudi. Ndugu Mwenyekiti, mashine ya kufulia ya jirani yangu hupiga kipigo hicho hicho inapokaribia kumaliza nguo, na hakuna aliyewahi kuipa kombe.

Sisi tulikuja na kipigo nilichokitunga mwenyewe, kiitwacho Kontena. Kina mapigo mia mbili na kumi na mawili. Hesabu yake inatoka sita inakwenda tano, inatoka tano inakwenda saba, na sehemu ya tatu hupigwa kinyumenyume huku vijiti vikirushwa juu na kudakwa na mtu wa pembeni. Kipigo hiki hakijawahi kupigwa na kikosi chochote duniani. Naomba ieleweke kwamba siku ile hata sisi hatukukipiga. Lakini tulikijaribu mbele za watu, na huko kujaribu ndiko ninakotaka kupewe alama.

2. Kuhusu mazingira ya mazoezi. Kwa miezi minne tumekutana kila Jumapili kwenye ghala la mizigo nyuma ya Zhanqian Road. Siku ya kwanza kabisa tulipogusa dramu, mlinzi alikuja mbio akipunga mikono, "Bu xing! Bu xing!", yaani haiwezekani. Ikabidi tupige juu ya maboksi ya mizigo. Boksi halina mlio, na kwa sababu hiyo siku ya mashindano ndiyo siku tuliyoisikia Kontena kwa mara ya kwanza. Nakiri tulishtuka. Safia, anayeongoza dramu ndogo, aliniuliza tukiwa katikati ya uwanja, bila kugeuza kichwa, "Kaka Othman, hii ndiyo yenyewe?" Nikamwambia aendelee tu.

3. Kuhusu karatasi ya alama. Usahihi mmeupa alama sabini, ugumu thelathini. Nani alikaa akapanga hivyo? Isitoshe, Dada Muthoni, mwamuzi wa pili, ametuandikia kwenye usahihi: "Nilisikia dramu kumi na moja, kila moja na haraka zake." Sasa nauliza kwa unyenyekevu: kikosi cha watu kumi na mmoja kusikika dramu kumi na moja ni kosa? Kwa Wakongo ameandika kwamba alisikia dramu moja. Wao walikuwa kumi na wawili. Wale kumi na mmoja waliobaki walikuwa wanafanya nini muda wote huo, na kwa nini wamepewa kombe pamoja na yule aliyepiga?

4. Kuhusu kijiti. Hili ndilo lililotuangusha, na mmelielewa vibaya. Dramu kubwa yetu hupigwa na Ndugu Gharib, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Katika sehemu ya tatu Nahla, anayepiga pembeni yake, alimrushia kijiti. Gharib hakukidaka kwa sababu hakujua kwamba kinakuja. Hakujua kwa sababu mabadiliko hayo niliyafanya asubuhi ile ile ili kuongeza ugumu, na yeye alikuwa amekwenda kununua maji. Kijiti kikampiga shavuni. Akainama kukiokota, dramu ikamvuta, akaenda chini kwa magoti, na sisi tuliokuwa tukirudi kinyumenyume tukamkuta hapo. Watu walicheka. Nawe, Ndugu Mwenyekiti, nilikuona, ulijifunika mdomo kwa karatasi.

Gharib hakucheka. Nilimkuta nje, amekaa kwenye ngazi, dramu bado iko kifuani, hajaivua.

"Nilikwambia tangu mwanzo hiki hatukiwezi," alisema. "Tungepiga kitu kimoja kizuri, mama watoto akiona video naye afurahi. Sasa nimtumie ipi? Ile niko chini?"

Nikamjibu kwamba kupiga kizuri ni kazi ya wavivu. Alivua dramu, akaniwekea miguuni, akaondoka zake. Dramu hiyo mpaka leo iko sebuleni kwangu, na mke wangu Swalha ananiuliza kila siku itaondoka lini.

5. Kuhusu kuibiwa mtu. Siku tatu baadaye Mama Françoise alipita dukani kwa Gharib na chupa ya chai. Nimeyapata maneno yake kwa jirani wa duka: "Papa Gharib, siye tunapigaka kidogo tu, mais tunapiga pamoja. Kuya." Yaani wanapiga kidogo lakini pamoja, na aje. Na Gharib akaenda! Jumapili iliyopita nilipita kwenye mazoezi yao kwa bahati mbaya, nikakaa kwa bahati mbaya kama saa moja na nusu. Nilimwona kwa macho yangu anapiga ndu, ndu, ndu-ndu, macho kafumba, anatabasamu. Miezi minne kwangu sijawahi kumwona akitabasamu. Sijui wamemfanya nini. Na wengine watatu wa kikosi changu wameanza kuniambia kwamba Jumapili wana udhuru.

6. Kwa hayo yote, naiomba kamati yako tukufu itekeleze yafuatayo:

(a) Ugumu upewe alama sabini na usahihi thelathini, kuanzia mashindano yaliyopita.

(b) Kila kosa liongezewe alama badala ya kupunguziwa, maana anayekosea ni yule aliyejaribu jambo kubwa kuliko yeye. Kwa hesabu yangu sisi tulikosea mara mia moja na arobaini. Hakuna aliyetukaribia.

(c) Kikosi chochote kitakachomaliza bila kosa kiitwe mbele ya kamati kijieleze kwa nini kilichagua kitu kinachokiweza.

(d) Kombe lirudishwe. Likishakuja kwetu, Wakongo wapewe cheti cha unadhifu.

(e) Gharib aamriwe kurudi. Kama kanuni haziruhusu kumwamuru, basi aombwe. Na kama kuombwa nako kuna ugumu, naomba aelezwe tu na mtu wa heshima kama wewe kwamba siku ile halikuwa kosa lake.

Nimalizie kwa kukutakia afya njema wewe na kamati yako. Dada Muthoni nisalimie, mwambie sina kinyongo naye ila masikio yake yaangaliwe. Nisalimie pia mwenye ule uwanja, na yule bwana wa spika aliyetupigia makofi peke yake. Swalha anawasalimu.

Wako katika kujaribu,
Othman Khatibu Faki

Tanbihi: Barua hii imechelewa siku moja kwa sababu jana nilikuwa Xintang kukagua oda yangu ya jinzi mia sita. Ndugu Mwenyekiti, nilitamani kulia. Mfuko wa kulia umekaa mahali pake, wa kushoto umepanda kuelekea kiunoni, na jozi nyingine zipu imekwenda upande kama inakimbia kitu. Nikazikataa zote. Mama mwenye kiwanda akajitetea, Safia akanitafsiria: mshono huu ni mgumu sana, viwanda vingine vyote vya mtaa ule vimeogopa kuushona, ni yeye peke yake aliyethubutu. Nikasema, "Mwambie mimi sinunui ugumu. Nataka mifuko miwili iliyolingana, basi." Safia akaniangalia, akaangua kicheko, akasema, "Nimwambie hivyo hivyo, Kaka Othman, au nisubiri kwanza uitume ile barua yako?" Mama wa watu akabaki anatutazama kwa zamu, hajui kicheko cha Safia kinatoka wapi. Hata hivyo nimeamua kuituma kama ilivyo, hasa kwa kuwa nimeinakili kwa mkono mara tano mpaka nikapata nakala isiyo na kosa hata moja.