Beringi ya Kwendea Ilula

Jumatatu, 3 Juni 1974

Mke wangu Juliana amejifungua kwao Ilula. Mtoto wa kike. Habari imeletwa na Saulo, mwanyumba wangu, aliyeoa dada yake Juliana. Anaendesha lori la mbao. Ubatizo ni Jumapili. Saulo atapita hapa Igowole Jumamosi na ana nafasi ya mtu mmoja mbele.

Nimemjibu nitakwenda kwa pikipiki yangu. Akalishika gurudumu la nyuma, akalitikisa. Likacheza kama jino bovu.

"Mwanyumba, beringi zimekwisha hizi."

Nikasema najua. Sikuwa najua.

Siku ya harusi baba mkwe alisema mimi ni mtu wa maneno. Safari hii ataniona nikiingia uani kwake na vumbi nyuma yangu.

Jumanne, 4 Juni

Nimefungua gurudumu. Beringi ya kwanza imetoka salama kwa nyundo na tindo. Ya pili imepasuka, gololi zimetawanyika uani. Kuku wa Esta amemeza moja.

Esta ni jirani yangu, na ndiye kiongozi wa akina mama wa kijiji. Amekuja kuuliza kuku wake kala nini. Nikasema punje. Jioni kuku alikuwa mzima. Esta bado ananitazama.

Jumatano, 5 Juni

Mafinga hakuna beringi. Wanasema labda Iringa. Lakini nani apande basi hadi Iringa kutafuta kitu cha kumwezesha kupita Iringa hiyo hiyo kwa pikipiki?

Wakati wa kurudi nimepita kwenye ghala la kijiji. Mle mna mashine ya mkono ya kupukuchulia mahindi. Ina beringi. Nimefuta vumbi, nikasoma namba iliyochorwa ubavuni. Ni ileile ya kwangu. Nimechungulia mlangoni.

Nimeazima. Hapakuwa na mtu wa kumwomba, na hilo si kosa langu. Mahindi yenyewe hayajakauka.

Alhamisi, 6 Juni

Beringi imeingia kwa kugonga. Kugonga sana. Grisi sina, nimepaka samli. Kwa baridi hii imeganda vizuri, huwezi kujua tofauti.

Nimekaza nati, gurudumu likagoma kuzunguka. Nimefungua, nimefunga, nimefungua tena. Mchana nikaona kibomba kifupi kimebaki chini ya ndoo. Nadhani hukaa katikati ya beringi mbili. Kukirudisha maana yake ni kugonga upya kila kitu. Nikaamua si cha lazima. Nimelegeza nati kidogo, gurudumu linazunguka.

Saulo angesema kitu. Ndiyo maana sikumwita.

Ijumaa, 7 Juni

Mahindi yamekauka.

Akina mama wamefika ghalani na magunia, mashine haizunguki, beringi haipo. Mkutano ukaitwa. Wengine wakasema mwizi atafutwe nyumba kwa nyumba. Nilisimama haraka. Nikasema tusipoteze siku kutafuta watu, mashine ipelekwe kwa fundi Iringa. Wakanipigia makofi. Mzee mmoja alisema kumbe Marcelino ana akili.

Nimekwenda kulala nikiwa na raha kiasi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeondoka na ukungu. Koti limepigwa pasi, kitenge cha Juliana kifuani. Hadi Mafinga nilikuwa mfalme. Baada ya hapo gurudumu likaanza kulia, kisha kunuka maandazi. Kila kijiji mbwa walinifuata. Kabla ya kufika Iringa likakaza ghafla, mimi na pikipiki tukaishia kwenye majani.

Nilikaa pale nikifikiria mtoto ambaye sijamwona. Nilitaka kulia. Nililia kidogo.

Lori lililosimama lilikuwa la Saulo. Mbele alikaa Esta. Nyuma, juu ya mbao, ilikuwa mashine ya kupukuchulia. Wazo langu mwenyewe.

Esta alishuka, akainama kwenye gurudumu. Alinusa. Akatazama beringi iliyoungua, akanitazama mimi.

"Samli," akasema.

Nikaanza kung'oa majani kwenye usukani.

"Marcelino, ungeomba lifti ningekaa nyuma, wewe ukae mbele. Unakwenda kumwona mtoto."

Afadhali angenitukana. Fundi wa Iringa alikuwa na beringi moja tu ya namba ile. Ikaenda kwenye mashine, kama ilivyo haki; langu alililegeza tu gurudumu liweze kusukumwa. Esta alibaki kwa fundi kuisubiri. Nikirudi, magunia yake nitayapukuchua kwa mikono.

Jumapili, 9 Juni

Jana Saulo alisimamisha lori baada ya wauza nyanya, kabla ya kona ya nyumba ya wakwe. Akaishusha pikipiki, akanikung'uta majani mgongoni. Akaniambia nisukume. Sikumwomba.

Nikaingia uani nikiisukuma. Baba mkwe alikuwa mlangoni.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Mbona hatukusikia mlio?"

Saulo alikuwa nyuma yangu. "Kaizima pale kona, mzee. Kaogopa kumwamsha mtoto."

Baba mkwe akanipokea kofia yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Leo mtoto amebatizwa Apolonia, jina la mama yangu. Ameshika kidole changu misa nzima. Juliana ameninong'oneza kwamba nanuka samli. Nimemwambia ukweli wote. Alicheka mpaka akashika tumbo.

Jumatatu, 10 Juni

Saulo ataturudisha Igowole kesho. Juliana na mtoto mbele, mimi nyuma na pikipiki. Mtu mwema, Saulo. Ila mke wangu hawezi kupandishwa lori la mbao kila siku.

Nimewaza. Pikipiki ikiwa na kitoroli pembeni, mama na mtoto wanakaa humo kama kwenye kiti cha nyumbani. Kinachohitajika ni fremu ya chuma tu. Stoo ya baba mkwe ina kitanda cha chuma ambacho hakuna anayekilalia.

Amekwenda shamba. Nimeazima miguu miwili kwanza.