Ugonjwa wa Vaze ya Maman Eulalie

Lundi, tarehe 5 mwezi wa sita, 2023
Daftari, jambo sana. Mimi najua kuandika barua tu, basi pokea salamu. Bwana yangu Papa Adalbert hajambo, anakohoa kidogo. Baba yake, Muzee Aloys, hajambo, anakusalimia hata kama hakujui. Binti yangu Francine hajambo, anaringa, sababu dimanche, tarehe 11, wakwe wanakuja kumuona. Mimi, roho inadunda.

Shida iko hii. Niko na vaze mbili, vyombo vya maua vya zamani vya Ujerumani, za udongo, zinangaa kama mafuta ya mawese. Ya tatu, kubwa kuliko zote, rangi ya machungwa, na mapele meusi kama mawe ya volkano, iko kwa jirani Maman Eulalie. Anaweka ndani miko ya bugali! Vaze ya Ujerumani! Mbili, mutu anaweza kuokota. Tatu, ni ukoo. Wakwe lazima wakute tatu.

Mardi, tarehe 6
Nimemwambia Eulalie yale mapele ni ugonjwa, yanaambukiza watoto. Akashika kinywa. Nikajitolea kuibeba mimi, sababu hata zangu ziko na mapele, nimezoea. Akakataa! Eti hawezi kumupatia rafiki ugonjwa na arusi iko mulangoni. Moyo muzuri kiasi hiki ni wa nini?

Jeudi, tarehe 8
Balaa! Eulalie amepeleka vaze kwenye shirika, kikundi chetu cha sala. Wameiombea, wameiimbia, wameiosha na maji ya baraka. Sasa imekaa juu ya meza yake, imepona! Jirani wanapita kuitazama. Akaniuliza kwa huruma kama zangu ziliombewa. Nikajifanya nimesikia sufuria inaungua.

Dimanche, tarehe 11
Wakwe wamefika. Eulalie, kwa upendo, aliwangojea njiani akawaonya wasikaribie vaze zangu. Maman Adolphine, mama ya muchumba, akasukuma kiti mpaka mulangoni. Jasho ikalowanisha kikwembe kipya. Mutoto wangu atakataliwa sababu yangu!
Lakini sombe ya Francine, yale majani ya muhogo aliyopika! Adolphine akaomba tena, akalamba vidole, akasema vyungu vya nyumba hii viko na mapele, lakini mutoto iko safi, wanamutaka. Vigelegele! Nikalia mpaka Papa Adalbert akaona haya.

Lundi, tarehe 12
Mungu asifiwe. Sasa, habari. Kwa Adolphine, kule Nyalukemba, kuko vaze ya Ujerumani ya kijani. Wanasimamisha ndani miavuli! Papa Adalbert anasema niache. Niache namna gani? Kesho naenda kumushukuru, na palepale nitamwambia rangi ya kijani inaita radi. Ao inaita nyoka? Daftari, salimia wote wa kwako, na unijibu upesi, mbele ya asubuhi: radi, ao nyoka?