Maziwa ya Kuulia Rangi

"Redio imesema maziwa hayaui sumu."

Mzee Tobia aliimwaga habari hiyo kabla hata hajakaa. Ilikuwa asubuhi ya Julai, ukungu umeufunika mji wa Lushoto hadi usimwone mtu aliye upande wa pili wa barabara, na kila mtu kijiweni alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Kijiwe chetu ni benchi lililoegemea ukuta wa gereji ya ushirika, chini kidogo ya soko. Issa Birika anauza kahawa hapo. Mafundi hunywa wakisubiri kengele ya kuingia kazini, ambayo ni rimu ya lori inayopigwa kwa spana. Tobia tunamwita Redio, kwa sababu habari huzisikiliza alfajiri, asubuhi akazigawa, na jioni akazikanusha.

"Maziwa gani, mgosi?" Issa akauliza.

"Haya haya ya gereji. Kazungumza mtaalamu wa afya za wafanyakazi. Kasema petroli ina madini ya risasi, yanaingia kwenye damu na hayana haraka ya kutoka. Fundi asiifyonze kwa mdomo. Asiinawie mikono. Vumbi la breki asilipulize kwa pumzi yake. Mpuliza rangi afunge pua kwa kifaa maalumu, si kwa leso ya mkewe. Halafu kasema hivi: wale wanaokunywa maziwa baada ya kazi wakidhani wanaua sumu, wanashiba tu."

Aliyeruka wa kwanza ni Yohane. Huyu ni fundi wa injini, na jina lake ni Mrija, kwa kuwa hakuna tangi la gari asiloweza kulikamua kwa mpira na mdomo wake. Chama kilipotangaza kwamba mirija yote ya wanyonyaji ikatwe, watu walikwenda nyumbani kwa Yohane kumpa pole.

"Huyo mtaalamu kaionja petroli lini?" akafoka. "Mimi naijua kwa ladha! Ya Mombo inawasha kwenye ulimi, ya Korogwe inawasha kooni. Dereva akichanganya na mafuta ya taa namwambia papo hapo kachanganya kiasi gani. Yeye anajua nini?"

"Hajaionja, ndiyo maana bado ana meno," akajibu Mwanahawa.

Mwanahawa hushuka kutoka Magamba kila siku na debe la maziwa kichwani. Ndiye anayeiuzia gereji. Hukaa ncha ya benchi kusubiri geti lifunguliwe, na ulimi wake hausubiri geti.

"Na mikono tunawie nini?" Yohane akaendelea. "Grisi niitoe kwa maombi? Sabuni mliiona lini dukani?"

"Mara ya mwisho niliiona kwenye picha," akasema Issa.

"Basi! Aje huyo mtaalamu na sabuni yake, ndipo aje na maneno yake."

"Asiyesikia la mkuu..." Tobia akaanza.

"Mkuu mwenyewe yuko Dar es Salaam, mzee! Kule hata ukungu hawaujui."

Mwanahawa alimgeukia Tobia. "Na wewe mzee, shikamoo yako nimekupa, sasa nipe heshima yangu. Maziwa yangu yamekukosea nini? Gereji ikiacha kununua, nikanyweshe ndama?"

"Kwani ni maziwa hayo? Nusu ni mto."

"Maji yanasafisha damu."

"Kwa hiyo unauza dawa mbili kwa bei ya moja?"

"Tena nawahurumia tu."

Watu wakacheka. Mlango mdogo wa gereji ukafunguliwa, akatoka Sefania, shati la kijani limepigwa pasi mpaka kola inasimama peke yake. Kazi yake ni kutunza stoo. Cheo chake ni katibu wa kamati ya wafanyakazi. Tunamwita Azimio, kwa sababu hajawahi kumaliza kikombe cha kahawa bila kuazimia jambo.

"Ndugu zangu, nimesikia kelele toka ndani. Tusikurupuke," akasema, akapewa nafasi katikati ya benchi. "Maziwa yale tuliyapigania. Meneja alisema hayamo kwenye mipango. Kamati ikakaa usiku kucha, ikaazimia: kila mfanyakazi anayegusa sumu apate kikombe kwa siku. Leo mnasema maziwa si dawa. Kama si dawa, ni nini?"

"Ni maziwa," akasema Issa.

"Ni anasa! Na anasa sehemu ya kazi imekatazwa. Meneja akiisikia hiyo redio yenu, kesho hamna kikombe."

"Basi dai sabuni badala yake," Tobia akamwambia. "Dai vifaa vya kufunga pua."

Sefania akatabasamu kama mtu anayemwonea huruma mtoto.

"Ndugu Redio, fikiri. Tukipata vifaa vya pua, sumu haitatugusa. Isipotugusa, maziwa tutayadai kwa hoja gani?"

Benchi lilipima jambo hilo. Yohane alikuwa wa kwanza kuafiki.

"Hapo kweli."

"Kwa hiyo kamati inaitetea sumu," akasema Issa.

"Kamati haiitetei. Kamati inaitambua. Sumu iwepo, lakini kwa kiasi: itoshe kutupatia maziwa, isizidi ikatuzuia kufanya kazi. Huo ndio msimamo."

"Na sumu imeshaarifiwa?"

Hapo kikohozi kilisikika kwenye ukungu. Tulikisikia kabla ya kumwona mwenyewe. Kilikuja kikipanda kutoka bondeni, kikasimama, kikaendelea, kisha akatokea Paskali, fundi rangi.

"Shikamoo, mzee Tobia. Habari za asubuhi, wenzangu."

"Marahaba, baba. Kaa."

Jina la Paskali ni Bendera. Rangi anayopuliza siku hiyo ndiyo anayorudi nayo nyumbani, kwenye nyusi, kwenye masikio, kwenye kucha. Wiki hiyo alikuwa kijani. Lori la kijiji cha ujamaa lilitakiwa kubeba wacheza ngoma siku ya Saba Saba, ambayo ilikuwa kesho kutwa, na viongozi walitaka liingie uwanjani kijani tupu.

Anayeijua Julai ya Lushoto anajua tatizo. Rangi haikauki kwenye ukungu. Inapauka na kufanya mabaka. Kwa hiyo Paskali hujifungia bandani na lori, anaziba nyufa za mlango kwa magunia, anawasha majiko ya mkaa pembeni, halafu anapuliza rangi iliyozimuliwa kwa thina. Hivyo ndivyo tunavyopaka rangi huku milimani, na rangi ya Paskali inang'aa hadi Tanga. Hewa tu ndiyo haimo.

"Kifua kimeamkaje?" Issa akamuuliza, akimpa kahawa.

"Kinaamka kabla yangu."

"Unatema nini?"

Paskali alisita. "Kijani."

"Huo ni uzalendo!" Sefania akasema. "Wengine kijani wanaivaa tu."

Hakuna aliyecheka sana. Paskali alikuwa amekishikilia kikombe bila kunywa, anavuta pumzi fupi fupi, kama mtu aliyebeba gunia.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema Tobia. "Paskali, nenda hospitali leo. Redio imesema mpuliza rangi..."

"Redio, redio! Anakohoa kwa baridi," Sefania akamkatiza. "Maziwa anapata kila siku. Yangekuwa hayafanyi kazi angekuwa hai?"

"Azimio, hebu nikuulize," akasema Tobia. "Maziwa yanakwenda wapi?"

"Tumboni."

"Na rangi inakwenda wapi?"

Sefania akafikiri. "Kifuani."

"Sasa mwizi kaiba Mombo, wewe polisi unampeleka Mlalo?"

Issa alicheka mpaka akamwaga kahawa ya mteja. Sefania hakucheka. "Mwili ni mmoja, kama taifa," akasema. "Na nina ushahidi. Mimi mwenyewe humwona akichukua kikombe chake mchana, wala hakosi."

"Kuchukua unamwona," akasema Mwanahawa. "Kunywa umemwona?"

Paskali aligeuka haraka. "Dada Mwanahawa. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana kabla hujaanza kupumua kama mbuzi aliyenaswa kwenye kamba. Nisamehe, leo siwezi." Akatugeukia. "Huyu hajanywa hata tone tangu Pasaka. Jenoveva, mkewe, kajifungua pacha, na ziwa limemkaukia. Kikombe cha mchana kinaingia kwenye chupa, chupa inaingia mfukoni, jioni inakwenda nyumbani. Chupa yenyewe ni yangu, nimemwazima."

Paskali alitazama chini. Yohane akakohoa kidogo, kwa adabu.

Aliyesema wa kwanza ni Sefania, na alisema kwa furaha.

"Mmeona? Mmeona sasa? Maziwa hayajashindwa! Hayakunywewa! Mgonjwa pekee wa gereji nzima ndiye huyo asiyekunywa. Sayansi gani mnataka zaidi? Mwandikieni mtaalamu wenu!"

Lazima niseme haki: kwa muda mfupi hoja ilisimama. Hata Issa alikuna kichwa. Tobia ndiye aliyeweka kikombe chini.

"Yohane, wewe unakunywa?"

"Mpaka povu. Nalamba na kikombe."

"Hujawahi kukosa?"

"Hata siku ya msiba wa mama mkwe niliyafuata."

"Nyoosha mkono."

"Wa nini?"

"Nyoosha tu, mgosi."

Yohane alinyoosha mkono wa kulia. Vidole vilitetemeka kama majani ya mgomba penye upepo, na hapakuwa na upepo. Aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akaushika kwa mkono wa kushoto, na sasa yote miwili ikatetemeka.

"Ni baridi," akasema.

"Sisi sote tuko kwenye baridi hiyo," Mwanahawa akamjibu, safari hii kwa upole.

Sefania aliona mjadala unamponyoka, naye alikuwa na dawa ya mijadala yote. Akasimama.

"Ndugu zangu, tusichanganye mambo. Mkono wa ndugu Yohane utajadiliwa wakati wake. Lililopo mbele yetu ni dawa ya umma kupelekwa nyumbani kwa mtu. Hilo kamati haiwezi kulifumbia macho. Kwa hiyo, kuanzia leo, naazimia: maziwa yanywewe pale pale gerejini, mbele ya mjumbe, na kikombe kikishanywewa kigeuzwe chini, tuone."

"Hata wangu wanaonyonya?" Paskali akauliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Pacha, Ndugu Katibu. Hata nusu kikombe?"

"Hata tone. Watoto wako wanagusa sumu ya gereji?"

"Wananigusa mimi."

"Hiyo haimo kwenye azimio."

Paskali akafikiri. Alikuwa mtu wa taratibu, wa kupiga msasa mara tatu kabla ya kupuliza mara moja.

"Je, nikiomba kuhamishiwa ulinzi wa geti?"

"Mlinzi hagusi sumu. Hana maziwa."

"Kwa hiyo nikipuliza rangi, watoto hawapati."

"Hawapati."

"Na nisipopuliza, hawapati."

"Sasa umeelewa vizuri!" Sefania alimpiga bega.

"Nimeelewa," akasema Paskali. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa banda la rangi, akamwekea Sefania kiganjani. "Nilikuwa nakiuza kifua changu kwa chupa moja ya maziwa kwa siku. Leo mnunuzi kajitoa. Mimi nakwenda hospitali."

"Ndugu Paskali! Saba Saba ni kesho kutwa! Lori lina upande mmoja tu wa kijani!"

"Upande wa pili una mlango. Anza nao, ndio rahisi."

Alisimama. Kikohozi kikamkunja, akangoja kipite, akajifunika shingo kwa leso ya Jenoveva.

"Chupa ya watoto nitaipitisha mwenyewe nikimaliza hapa," Mwanahawa akamwambia.

"Dada, sina cha kukulipa."

"Nimekuomba? Nenda."

"Nayo iwe na mto?" Issa akauliza.

"Ya watoto haina mto," akajibu Mwanahawa, na ndipo alipogundua kwamba Sefania alikuwa anamtazama. "Unanitazama nini? Andika azimio."

Paskali alikwishaanza kuondoka. Yohane akanyanyuka, mikono imefichwa kwapani.

"Ningoje, Bendera. Twende pamoja. Nakusindikiza tu."

"Unamsindikiza mpaka wapi?" Tobia akauliza.

"Mpaka kwa daktari. Nikifika nitakaa foleni, nisionekane mvivu."

Wakaondoka wawili, mmoja anakohoa, mwingine amejikumbatia, na ukungu ukawameza kabla hawajafika kwenye kona. Muda si mrefu rimu ya lori ikagongwa. Mafundi wengine walikuwa wamekuja wakati tunazozana, wakasikia mwisho wa mambo, na sasa hakuna aliyeinuka. Walikuwa wanaitazama mikono yao.

Meneja alichungulia getini. "Sefania! Nani yuko bandani? Viongozi wanakuja adhuhuri kukagua lori!"

Sefania alitutazama mmoja mmoja. Mimi nilikunywa kahawa yangu.

"Ufunguo unao wewe," Issa akamkumbusha.

"Mimi ni mtu wa stoo."

"Wewe ni mtu wa kamati. Kamati si ndiyo yenye msimamo?"

"Majiko yako tayari," mmoja wa mafundi akaongeza. "Magunia pia. Ni kuingia tu na kuziba mlango."

Meneja akaita tena, kwa ukali. Sefania akasema anakuja. Alipiga hatua kuelekea getini, akasimama, akarudi, akaketi karibu kabisa na Tobia, na kwa sauti ya chini ambayo hatukuwahi kuisikia kwake akasema:

"Mzee Tobia, shikamoo. Hebu niambie tena polepole. Huyo mtaalamu alisema rangi ikishaingia kifuani inafanya nini hasa?"