Guarda ya Mtaliana, Guarda ya Mreno

Jumatatu, 16 Aprili 1962

Skuli imefungwa. Alhamdulillahi! Sitasimamishwa tena mbele ya darasa kusoma Kiingereza. Mimi nikisimama ulimi unaganda. Khatib, mwenzangu wa darasa, husoma kama redio, na nikikosea hucheka kabla ya mwalimu.

Lakini dawa nimeipata. Najifunza Kireno! Hapa Chake hapana akijuaye ila Bwana Kaitano, Mgoa fundi cherehani. Nikikosea lugha asiyoijua mtu, nani atanicheka?

Mwalimu wangu wa pili ni Ami Ngwali. Wakati wa vita alikuwa askari Kenya, akilinda mateka wa Kitaliana. Anasema Kitaliana na Kireno ni watoto wa mama mmoja, ukimjua huyu na yule umemjua. Leo kanipa neno: guarda. Maana yake, tazama! Mtaliana akiona twiga: guarda! Akiona bibi anapita: guarda, guarda! Tumelirudia mpaka mkewe katutoa barazani.

Nimemwomba Bwana Kaitano asinisemeshe Kiswahili tena. Kireno tu. Kacheka mpaka miwani ikamwangukia kwenye cherehani. Kakubali.

Jumatano, 18 Aprili

Siku kubwa! Bwana Kaitano kaenda Unguja kusali Pasaka. Nilikwenda kumuaga, na Khatib naye akajipeleka, sijui kaalikwa na nani.

Gari la kwenda bandarini Mkoani lilikwisha kupiga honi. Bwana Kaitano akatoka dukani na mche wa mwembe katika kopo la samli. Habari zake nazijua. Ni mwembe wa kuunga, umetoka kwa mama yake huko Goa, kaletewa na baharia. Ilikuwa miche miwili, mmoja ukafa njiani. Na tangu Goa itwaliwe na Wahindi, hajui kama atapata mwengine.

Akaweka kopo miguuni pangu. Akanishika bega. Akasema, Guarda, Ahmada. Guarda bem!

Nililijua! Moyo ulinipiga kwa furaha. Nikainama, nikatazama. Jani la juu, jani la chini, kovu la pale ulipoungwa. Nikasema bonito, yaani mzuri. Macho yakamjaa maji, akapanda gari, akaenda zake.

Khatib kauliza kasema nini. Nikamwambia, kasema tazama vizuri. Khatib akasema basi mbona kauacha chini, tuutie ndani kwenu, yakhe. Nikamwambia asijitie kujua. Neno la Kireno, kaambiwa nani, yeye au mimi? Tukauacha pale pale barazani pa duka.

Furaha hainiachi nilale.

Ijumaa, 20 Aprili

Laiti nisingeamka.

Baada ya sala nimepita dukani kwa Bwana Kaitano. Kopo limelala ubavu. Mbuzi wa Bi Mwanamize, jirani yake, amesimama juu ya udongo anatafuna, ananitazama kama mimi ndiye mgeni. Mche umebaki kijiti cha urefu wa kidole.

Nikambishia hodi Bi Mwanamize, nikamlaumu kwa adabu. Yeye ndiye akapiga kelele. Kwani si umeachiwa weye? Bwana Kaitano kaniambia miye tangu juzi, mche ataniangalizia Ahmada, kijana mwaminifu.

Nikamwambia, mimi kaniambia guarda tu. Guarda ni tazama.

Nimekwenda naye mpaka kwa Ami Ngwali atuamue. Ami kashikilia. Kwa Mtaliana guarda ni tazama, ataapa msikitini. Ikiwa kwa Mreno ni tunza, weka, linda, basi Mreno ndiye aliyeliharibu.

Bi Mwanamize akasema, kwani Kiswahili chetu kina tafauti gani? Miye nikikwambia niangalizie mtoto, utamkodolea macho akitumbukia kisimani?

Akaongeza: mbuzi wangu hajui Kireno, lakini yeye hakujigamba.

Kisha sauti ikamshuka. Mbuzi ni wake. Tumekubaliana tunyamaze.

Najuta. Angeniambia kwa Kiswahili ningefahamu. Mimi ndiye niliyemkataza.

Jumamosi, 21 Aprili

Nimelala na majuto, nimeamka na shauri! Mwembe na mwembe, nani atabagua? Majani ni yale yale. Nimekwenda Vitongoji kwa shangazi kwa miguu, mvua yote ya masika ikanimwagikia. Nyuma ya jiko lake miche imejiotea kama magugu. Nimechagua mmoja wa kimo kile kile.

Tatizo ni kovu. Mwembe uliojiotea hauna kovu la kuungwa. Nimeukwangua shina kidogo, nikapaka ulimbo wa fenesi, nikazungusha uzi. Ulimbo ukanishika vidole, vidole vikashika nywele. Mama kauliza nina nini kichwani. Nikasema ni masomo.

Mche nimeutia katika kopo lile lile. Ukiutazama kwa mbali, sawa. Ami Ngwali kasema hata yeye kadanganyika, na hali macho yake hayaoni ng'ombe ng'ambo ya njia.

Jumatano, 25 Aprili

Bwana Kaitano karudi. Kavaa kitambaa cheusi mkononi.

Huko Unguja kakutana na jamaa aliyepata habari za kwao. Mama yake kafariki tangu Februari. Yeye alikuwa hapa, anashona makoti ya harusi za watu, hana habari.

Nikamletea kopo. Akapiga magoti mbele ya mche wa shangazi yangu, mbele ya ulimbo wa fenesi, akagusa jani kwa kidole kimoja kama anayegusa shavu. Akasema kwa Kiswahili, hakukumbuka hata masharti yetu: mwanangu, umenitunzia mama.

Khatib alikuwepo, na ulimbo wa fenesi kautambua. Kaniangalia, akainamisha kichwa. Afadhali angecheka.

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Ulimi ukaganda kama mbele ya darasa. Nikapata hila: nikamuuliza, kwa Kireno nisamehe wasemaje? Perdão, akanambia.

Nikamtazama machoni. Nikasema, Perdão, Bwana Kaitano.

Akafuta machozi, akatabasamu. Vizuri! Lakini ule mwisho upitishe puani. Tena.

Perdão.

Tena.

Nimelisema mpaka pua ikauma. Nimemwomba radhi kuliko mtu yeyote Pemba hii, na alichosikia ni matamshi.

Ijumaa, 27 Aprili

Kaupanda nyuma ya duka. Kauzungushia ua wa makuti. Kila mteja anapelekwa kuonyeshwa: mwembe wa mama. Bi Mwanamize kafunga mbuzi kamba na hapiti tena njia ile. Bwana Kaitano anasema embe la kwanza tutalila pamoja, mimi na yeye.

Khatib kanifuata faragha. Kasema kwa upole, nenda ukamwambie, nitakwenda nawe. Nikamwambia nitafikiri.

Jumapili, 29 Aprili

Nimefikiri. Sina haja ya kumwambia! Bi Kazija, jirani yetu, mzee wa Kingazija anayekaa juu ghorofani, kakulia Majunga huko Bukini, na nduguye ni baharia wa huko. Majunga haikosi miembe ya kuunga. Nitaagiza mmoja, usiku nitang'oa ule, nitapanda huu. Udanganyifu wangu utakwisha wenyewe.

Lakini Bi Kazija anapenda asemeshwe Kifaransa. Si neno! Kifaransa na Kireno ni ndugu. Leo nimeanza. Kanipokea kitandani, kashika magoti yaliyovimba, anagumia, akanipa neno la kwanza: subir. Uzee ni kuvumilia tu, akasema.

Sikumuuliza maana. Hilo ninalo tangu kwa Bwana Kaitano: kupanda juu. Nikamwambia Bi Kazija ajikaze, ngazi yake si ndefu.