Gesi ya Hatua Nane

Jumatatu, 1 Septemba 2003

Mkutano wa kijiji, mbele ya ghala la kahawa. Ghala tupu. Kahawa haina bei, basi wametuletea gesi.

Kijana wa kampuni anaitwa Anwar, mtu wa Njoro, kule mjini, viatu vinang'aa. Kanipa shikamoo, nikampenda kama dakika tano hivi. Kisha akaeleza. Huko tambarare, kilometa tatu chini ya ardhi, kuna mwamba wenye gesi. Haitoki kwa hiari. Wanasukuma maji kwa nguvu, na mchanga, na dawa kidogo, mwamba unapasuka, gesi inapanda. Maji yatatoka kwenye mfongo, mfereji wetu waliouchimba babu zetu kutoka mlimani. Na bomba la kuyashusha litapita ndani ya kihamba, shamba la ukoo, cha nani? Changu mimi, Sirili!

Nikanyoosha mkono. Maji yakishashuka yanakwenda wapi? Mengine yanabaki chini, mengine yanarudi, yanawekwa bwawani. Ng'ombe wangu anaweza kuyanywa? Hapana, mzee. Migomba? Hapana, mzee. Na gesi, itadumu? Miaka miwili mitatu inapungua, basi wanachimba kisima kingine pembeni. Halafu? Kingine. Ajira za kudumu: walinzi sita. Faida: ya taifa. Nikasema huku ni kumpasua ng'ombe kiwele ili kuharakisha maziwa. Watu wakacheka. Jirani yangu Filemon, anayegawa zamu za maji, hakucheka. Nimemweka akilini.

Kura Jumapili, baada ya misa.

Jumatano, 3 Septemba

Vigingi! Wapima wamepita na kamba na rangi nyekundu. Mstari unakata kihamba changu kutoka juu hadi chini, hatua nane kutoka mpaka wangu na Filemon. Mtaro utachimbwa Jumamosi. Nikawaambia kura bado. Wakasema haya ni maandalizi tu. Nami nilipomwendea baba yake Salvina, huyu mke wangu, mahari nimeshalipa nusu kabla ya kumwuliza binti, niliyaita maandalizi. Najua maandalizi.

Zamu yangu ya maji ni Alhamisi, asubuhi hadi adhuhuri. Hiyo ndiyo migomba yangu, ng'ombe wangu, maharage ya mke wangu. Filemon anasema bomba likianza, zamu zitapungua kidogo. Nimeviona vidogo vingi katika umri wangu. Vyote vilikua.

Mpango umenijia nikimkatia ng'ombe majani. Isale, ule mmea wetu wa mipaka! Wachimba mtaro watakuwa vijana wa hapa hapa mlimani. Nani kati yao atang'oa isale la mpaka? Bibi yake atatoka kaburini amshike sikio. Nitapanda masale juu ya vigingi, mstari mzima. Shule niliishia darasa la nne, lakini wale wapima nadhani waliishia la kwanza.

Alhamisi, 4 Septemba

Tatizo dogo. Isale changa linaonekana limepandwa jana. Nahitaji marefu, yenye umri, yaonekane ni ya enzi za babu. Yako wapi? Mpakani kwangu! Nimeyang'oa yote na mizizi yake, arobaini na moja, nikayahamishia kwenye vigingi. Mchana kweupe. Zamu yangu nzima ya maji nimeyanywesha masale.

Filemon akapita, akasimama. Nikasubiri maneno yake. Akavua koti, akashika jembe, akanisaidia mpaka la mwisho. Hajanisaidia kitu tangu tulipobatizwa. Hata kamba ya kunyooshea alileta yeye. Kisha akaenda kuwaita wazee wawili waje kuona kazi. Wakaona. Wakanishika mkono, mmoja wao akitaka kulia. Kumbe watu hawa wanauchukia mtaro kuliko nilivyodhani!

Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama kama anavyomtazama kuku anayevuka barabara. Nikamwuliza ana nini. Akasema hana kitu.

Jumamosi, 6 Septemba

Ushindi! Vijana kumi na sururu zao. Wameyaona masale, wamesimama. Mmoja, wa kutoka Machame, alivua kofia. Anwar akawaambia hayo ni majani tu. Wakamwambia basi ang'oe yeye. Akashika moja, akawatazama, akaliachia taratibu. Wa mjini, lakini si mjinga. Wakabeba sururu wakaondoka.

Mbege ya ndizi, vibuyu viwili. Nimejinunulia mwenyewe, kwa heshima.

Jumapili, 7 Septemba

Kura. Nilikuwa nimeandaa hotuba, lakini mke wangu alisimama kabla yangu, bila kuomba ruhusa. Akamwuliza Anwar: huko walikokwisha kuchimba namna hii, wenye mfereji wao wanasemaje? Anwar akasema hajafika, ameonyeshwa picha. Akamwuliza tena kama kwenye picha kulikuwa na watu. Akafikiri sana yule kijana. Akasema hapana, kulikuwa na mitambo.

Mikono ya kukataa ilipanda, hata wa Filemon. Maji yamebaki kwenye mfongo! Nikaanza kupokea pongezi, ingawa nyingi zilimwendea mke wangu.

Hapo Filemon akaomba dakika moja. Akawaambia watu kwamba baba yake alikufa akililia hatua nane alizodai babu yangu mimi alimnyang'anya. Na wiki hii Sirili, kwa mkono wake mwenyewe, bila kuombwa, amehamisha masale na kuzirudisha. Wazee wawili ni mashahidi. Makofi! Katekista akanikumbatia.

Nikapiga kelele kwamba yale ni ya kuzuia bomba. Filemon hakupandisha hata sauti.

"Basi yang'oe, ndugu yangu. Tutakusindikiza tukuangalie."

Watu wote wananitazama. Sikuyang'oa. Mimi ni mkorofi, siyo mwendawazimu. Ile Alhamisi sikung'oa, nilihamisha. Sasa nani atanielewa?

Hatua nane, kutoka juu hadi chini. Migomba thelathini na miwili. Na mparachichi.

Jumanne, 9 Septemba

Filemon amekata mkungu kwenye migomba yangu, akaniletea chane moja. Ametabasamu. Nimeipokea, ndizi hazina kosa.

Mke wangu anasema dawa ni rahisi. Nichukue jani la isale, nilifunge fundo, nimpelekee Filemon nimwombe radhi kwa maneno yote niliyomsema miaka hii. Akiombwa kwa isale hawezi kukataa, na moyo ukishalainika atanigawia nusu. Kumwomba radhi Filemon! Nina mpango bora.

Nimemwandikia Anwar barua, kurasa mbili, kwa kalamu nyekundu. Nimemwambia hawakuwa na sababu ya kuhangaika huko tambarare. Juzi nilisema hakuna la maana katika gesi yao. Nilikuwa sijachunguza vizuri. Gesi ipo huku huku kwetu, nimeisikia harufu yake kwa pua yangu, nayo ipo kwenye ukanda mmoja tu wa hatua nane, mali ya Bwana Filemon. Waje wachimbe. Wapasue kabisa. Hata bomba refu hawalihitaji, maana mfongo unapita hapo hapo kabla ya kufika kwangu. Wachukue maji yote wanayotaka.

Mke wangu amesoma akiwa amesimama nyuma yangu.

"Baba Zita, wakichukua maji yote, sisi tutakunywa nini?"

Nimemwambia asinitikise mkono, mwandiko utaharibika.